Kelele Niliyoikataa

Miaka ile nilikuwa fundi wa redio mjini Kasese, na wateja wengi walikuwa wameanza kuniletea zile ndogo za memori kadi. Kila asubuhi mke wangu alinieleza jambo moja: usingizini nasaga meno, naye hapati kulala. Kwetu anayesaga meno huambiwa ana minyoo. Nikanunua dawa, nikaimeza kama ilivyoandikwa, nikairudia baada ya wiki mbili.

Alisema kelele haijaisha. Mimi nikapanga hoja zangu: dawa imeua minyoo, bila minyoo hakuna kusaga, kwa hiyo huyu anasema uongo. Alipohamishia mkeka wake chumba cha watoto, niliona amenichoka na anatafuta kisingizio. Nilimwambia hivyo mbele ya dada yake.

"Baba watoto," alisema, "mimi nilitaka usingizi tu."

Mwezi uliofuata alirudi kwao Karambi pamoja na watoto. Sikumfuata.

Taya lilikuwa likiniuma tangu zamani, hasa asubuhi, mbele ya masikio. Alipoondoka likazidi, hata muhogo nikashindwa kutafuna. Nikaenda Bwera kwa daktari wa meno, nikamwonyesha jino la kung'oa.

Alinishika mashavu, akaniambia nibane meno. Misuli ikavimba chini ya vidole vyake.

"Jino hii iko mzima, mzee. Lakini yote imelika juu, iko sawa kama meza. Unasaga nini, mawe?"

"Nilimeza dawa ya minyoo."

"Minyoo haina kazi hapa." Akaeleza kwamba kubana na kusaga meno usingizini huichosha misuli ya taya, kama mtu aliyebeba gunia usiku kucha, ndiyo maana asubuhi huamka na maumivu. "Mama nyumbani hajakuambia?"

Nikasema aliniambia.

Nilipanda boda moja kwa moja hadi Karambi. Nilimkuta akianika kahawa. Nikamweleza yote kwa utaratibu: misuli, meno, minyoo. Alisikiliza huku akichagua mbovu na kuzitupa.

"Daktari amesema mara moja tu, umemwamini."

"Ndiyo."

"Mimi nilisema miaka mitatu."

Akauliza kama taya bado linauma, nikasema linauma. Akaniletea chai uani, akanitolea kiti cha wageni. Nilipomaliza alinisindikiza mpaka barabarani, akasema boda za kurudi Bwera hazikawii.