Futi ya Shingoni

Fundi cherehani alitolewa kwenye gari lililobondeka akiwa hana hata mchubuko, na mkewe akapiga magoti palepale barabarani kumshukuru Mungu. Laiti angejua! Gari lilipogonga, mkanda ulimzuia fundi kifua, lakini ubongo haukuwa na mkanda. Ulijibamiza kwenye fuvu mbele, ukarudi ukajibamiza nyuma. Hayo daktari aliyaeleza baadaye, fundi alipoanza kumuuliza mkewe anaishi mtaa gani.

Siku hizi anashinda kibarazani kwenye cherehani yake. Mikono haijasahau kitu. "Mumeo si amepona, mbona anashona!" majirani humwambia mkewe, naye hutamani kuwatimua kwa ufagio. Wao wanaona mshono tu, anayeshona hawamwoni.

Zamani fundi hakuwahi kumpima mkewe. Tangu uchumba alimshonea magauni yote kwa kumtazama tu, akitamba mbele ya wateja, "Futi ya nini? Huyu nimemkariri."

Leo asubuhi mkewe alijikaza, akaweka kitambaa kipya juu ya cherehani, akasubiri. Fundi aliinua uso, akatabasamu.

"Karibu, mama. Simama wima nikupime."

Akavua futi shingoni. Mkewe akainua mikono, machozi yakimlengalenga. Fundi akampima mabega, kisha kiuno, polepole, akijitahidi vidole vyake visimguse, kama fundi mwenye adabu anavyompima mke wa mtu.