Godoro la Chumba cha Cherehani

Dada yangu ni mkaidi, na nasema hivi huku nikimpenda. Alipopimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, mumewe akakutwa hana, alibeba godoro dogo akahamia chumba cha cherehani. Shemeji, fundi makochi, alimbembeleza mpaka akachoka. Hata kwa kondomu dada alikataa. Alishona nguo za watu mchana kutwa, lakini kazi yake hasa ilikuwa kumlinda mumewe.

Dawa hakukosa kumeza hata siku moja. Ila kliniki hakuipenda, alikuwa anaogopa kukutana na wateja wake. Kwa bahati wagonjwa wa mtaani walikuwa na utaratibu wao: mmoja anakwenda kuwachukulia wenzake wote dawa, kwa zamu. Dada akalipia nauli za wenzake ili zamu yake isifike. Yeye alikwenda kutolewa damu tu, anaambiwa majibu ni mazuri, anachomoka kabla muuguzi hajamaliza kuzungumza.

"Hivi mimi nimeoa au nimepangisha chumba?" shemeji aliniuliza siku moja, misumari mdomoni. Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mwambie dadako simwogopi. Nimemkosa tu."

Nikamfikishia. Dada akanijia juu: "Kwa hiyo unataka nimuue?"

Mwaka jana shemeji aliteleza kwenye ngazi akimpandishia mteja kochi. Alifia palepale. Dada alilia mpaka sauti ikamkauka, na chakula kikawa hakipiti. Alipodhoofika sana nilimkokota kliniki mwenyewe, nikakaa naye mpaka mwisho.

Muuguzi alikuwa mgeni, binti mchangamfu. Akapitia majibu yake yote.

"Hongera, mama! Virusi havionekani kabisa kwenye damu. Ukiendelea na dawa kila siku na vipimo vikabaki hivi, huwezi kumwambukiza mumeo kwa kujamiiana."

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Naona ni miaka mingi tu. Hukuambiwa?"

Nilitamani yule binti anyamaze, lakini angejuaje? Alikuwa anatoa habari njema.

"Basi mlete nimweleze mwenyewe," akasema akitabasamu. "Wanaume kwa hili huwa waoga."

"Wangu hakuwa mwoga," dada akamwambia. "Mwoga nilikuwa mimi."