Njia ya Kambini Hupitia kwa Fundi wa Viatu

Siku yangu ya kwanza kazini, sajenti wa mawasiliano alinikalisha mbele ya ubao wa simu wa kambi, akanivisha hedifoni, akaniambia, "Ndunge, hapa unaunganisha watu. Kuelekeza watu si kazi yako." Nilidhani ananitania. Baadaye nilikuja kujua kwamba sajenti yule hakuwa na utani hata chembe.

Nyinyi mnaotembea na simu mfukoni hamkuuona ubao wa simu, kwa hivyo wacha niwaeleze. Ulikuwa na kimo cha kabati, umejaa matundu, na kila tundu lilikuwa ofisi moja ndani ya kambi: karakana, zahanati, jiko, ofisi ya mkuu. Simu ikiingia, kijitaa kinawaka. Unachomeka waya mmoja, unauliza mtu anamtaka nani, kisha unachomeka wa pili kwenye tundu la anayetafutwa, nawe unatoka kwenye mazungumzo yao. Opereta tulikuwa raia, wanawake watatu wa kupokezana zamu. Mimi nilitoka Shauri Moyo, kwenye nyumba za kaunsili, ambako baba yangu, mchonga vinyago kutoka Ukambani, alipata chumba kabla sijazaliwa.

Juu ya ubao palikuwa na tangazo la rangi nyekundu. Lilisema ni marufuku kumweleza mpigaji wa nje kambi iko wapi au inafikiwaje. Lilinichoma roho tangu siku ile. Makanga wote wa mabasi ya Eastlands, mitaa ya mashariki ya mji, waliita jina la kambi kama wanavyoita kituo chochote kile. Watoto waliruka ua wa kambi kufuata mipira yao. Waliokuwa hawajui kambi iko wapi ni wazazi wa wanajeshi, huko mashambani, na hao ndio waliotupigia.

"Adui anaweza kuwa anasikiliza," sajenti alinieleza.

"Afande, adui akishuka Kariobangi ataonyeshwa na mtoto wa nasari."

"Ndunge, sikio la kufa halisikii dawa."

Lakini niliwaona wazazi hao kila nikitoka zamu. Wenye teksi waliwazungusha mji kisha wakawatupa lango kuu, ambalo lilikuwa la magari ya maofisa, na walinzi wa pale waliwafukuza bila kuwaambia kwamba lango la wageni liko nyuma. Kuna mzee mmoja alizunguka ua wa waya kutwa nzima na kikapu chake cha ndizi, akarudi Kakamega na ndizi zake. Niliposikia habari yake nililia kwa hasira, na nikaamua tangazo lile halitanitawala.

Mama yangu alikuwa na kanuni yake ya mjini. Alisema kuuliza si ujinga, ila usimuulize mtu anayetembea, maana huyo ana haraka zake na huenda akawa mwizi. Muulize mtu aliyekaa. Aliyekaa ana mahali pake, kesho utamkuta palepale, kwa hivyo anaogopa kukudanganya. Basi siku yangu ya mapumziko nilitembea kwa miguu kutoka stendi ya mabasi ya mashambani, nikapita Gikomba na Shauri Moyo hadi lango la nyuma, nikisalimiana na watu wa kukaa. Nikapata watatu: Odhiambo fundi wa viatu karibu na stendi, Mama Syombua aliyeuza makaa mtaani kwetu, na kinyozi aliyetundika kioo chake ukutani mkabala na lango lenyewe.

Tangu siku hiyo, mzazi akiniuliza njia, nilimwambia hivi: "Ukishuka basi usimfuate anayekuvuta mkono. Muulizie Odhiambo wa viatu, umwambie akuelekeze kwa Mama Syombua wa makaa. Huyo atakuelekeza kwa kinyozi. Ukifika kwa kinyozi, tazama mbele yako." Mwenye mizigo mizito nilimwambia alale kwa nduguye na kupambazukapo asimame kwa Mama Syombua, kwa sababu basi la wafanyakazi wa kambi lilipita pale kuwachukua wapishi na madobi, na dereva wake alikuwa na kipaji cha kutomwona mgeni aliyebanana na madobi. Kambi sikuitaja hata siku moja. Sajenti alinisikia mara nyingi, akawa anatoka nje kuvuta sigara.

Sajenti akahamishwa, akaja kapteni wa usalama, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Wiki hizo kombania moja ya askari ilikuwa ikijitayarisha kwenda ng'ambo kulinda amani. Likizo zikafutwa. Kapteni akaamuru kwamba tundu la kombania ile lisichomekwe simu yoyote ya kibinafsi, na wageni wasikaribie.

Alasiri moja kijitaa kikawaka. Nikasikia sarafu zikianguka kwenye simu ya kibanda, kisha sauti ya mwanamke wa magharibi ya nchi.

"Haloo? Namtafuta mtoto wangu. Wekesa."

"Haunganishwi kwa sasa, mama. Niandike ujumbe?"

"Ujumbe hautaweza hii kitu." Akapumua. "Alipotoka kuja jeshini, tulikuwa tumemzika babake juzi. Nilikuwa na uchungu. Nilimwambia, nenda na usirudi. Sasa nasikia anapelekwa kwa vita ya watu wengine."

"Mama, nitamwambia umemsamehe."

"Msichana wangu, wewe unatoka wapi? Neno kama hilo halitoki kwa simu. Nililisema macho kwa macho, nitalitoa macho kwa macho, na maji mdomoni ya kumpulizia baraka. Nije lini?"

Asili yetu ni Ukambani, na kwetu pia neno la mzazi si la mchezo. Na siku ya safari niliijua, kwa sababu habari za malori zilipitia mikononi mwangu.

"Panda basi la leo," nikasema. "Ukishuka, muulizie Odhiambo, fundi wa viatu..."

Sarafu zikamwishia. Simu ikakatika nikiwa bado kwa Odhiambo.

Kesho yake nilikaa kwenye ubao. Malori yalikuwa yameshapangwa uwanjani, injini zinanguruma. Kabla ya saa nne kijitaa cha lango la nyuma kikawaka.

"Opereta," mlinzi akasema, "kuna mama hapa. Ameletwa na fundi wa viatu. Na mwanamke wa makaa. Na kinyozi, bado ana mashine mkononi. Wanasema ni wageni wako."

Odhiambo hakumwelekeza. Alifunga sanduku lake akamleta mwenyewe, na wenzake wakaacha biashara zao wakafuata.

Nikachomeka waya wa lango kwenye tundu lililokatazwa. Koplo wa zamu wa kombania akapokea. "Mama yake Wekesa yuko lango la nyuma," nikamwambia. "Mlinzi anahitaji ruhusa." Koplo akasema, "Usikate. Nimtafute mkubwa."

Hapo ndipo kapteni alipoingia. Aliuona waya.

"Chomoa."

"Bado wanaongea, afande."

"Sisikii mtu akiongea. Chomoa huo waya, ni amri."

Nikaishika plagi kwa mikono miwili. "Mimi ni raia, afande. Nifute kazi sasa hivi. Lakini sichomoi."

Alinitazama. Angeweza kunisukuma akachomoa mwenyewe, na hadi leo sijui kilichomzuia. Tukabaki hivyo mpaka sauti ikasema kwenye waya, "Lango la nyuma, kijana anakuja. Mpe nafasi aonane na mama yake." Ndipo nikachomoa.

Sikuwaona. Kinyozi ndiye aliyenisimulia. Mama alichukua maji safi kwenye kikombe chake, akayashika mdomoni, akampulizia kijana kifuani kupitia waya wa ua. Kisha akapenyeza mkono, kijana akainamisha kichwa ukamfikia, naye akasema, "Nenda, na urudi." Malori yakaondoka muda mfupi baadaye.

Nilipelekwa mbele ya meja.

"Ulimwambia raia kambi iko wapi?"

"Hapana, afande. Nilimwambia fundi wa viatu yuko wapi."

"Na siku ya safari?"

"Nilimwambia aje leo. Mama yeyote anayetaka kumwona mwanawe ningemwambia aje leo."

Meja aliuma midomo, sijui kwa hasira au kwa kucheka. Nikaondolewa kwenye ubao, nikapewa stoo ya mashuka, na huko nikakaa hadi nilipostaafu. Walidhani nitaomba msamaha ili nirudishwe. Nilikunja mashuka. Watu husubiri niwaambie kwamba Wekesa alifia huko, ili hadithi inoge. Alirudi, tena mnene kuliko alivyokwenda. Na hata asingerudi, waya ule nisingeuchomoa.

Siku hizi nauza njugu kwenye kona ya Shauri Moyo, hatua chache kutoka mahali pa marehemu Mama Syombua. Majuzi kijana mmoja wa jeshi aliyevaa kiraia alikuwa akinunua njugu kwangu, alipotokea mama mwenye mfuko wa kamba. Aliwapita vijana waliokuwa wakitembea, akaja moja kwa moja kwangu.

"Samahani, mama. Natafuta kambi. Mwanangu yuko huko."

Kijana akaninong'oneza kama anayemwita bibi yake, "Cucu, huruhusiwi kuelekeza watu kule. Mambo ya usalama."

"Nani amekwambia nitamwelekeza?" nikamjibu. Nikafunika njugu zangu, nikamwachia meza aichunge, nikamshika yule mama mkono tukaenda.