Ungo wa Chisense

Harufu ya chisense, vile visamaki vikavu vya ziwa letu, ikijaa jikoni, narudi utotoni Kashikishi. Jioni Mama alikuwa akirudi kutoka sokoni, miguu imemvimba, akiweka ungo kati yetu.

"Tutoe muchanga, mutoto wangu."

Macho yake yalibaki kwenye samaki, hayakunitazama, basi maneno yalinitoka yenyewe.

"Mama, ku masomo mwalimu ananiogopesha."

"Endelea," alisema, vidole vikitembea polepole.

Siku moja nilimwona akirudisha ungoni samaki tuliokwisha kusafisha. Nilimsogelea tu.

Leo nimetoka kazini nimechoka. Binti yangu anachungulia ungo niliouweka kati yetu.

"Mama, hizi ziko safi."

"Najua. Kaa hapa, tuchague."