Langoni pa Bankfoot

Winnie Ormerod ana miaka sabini na tisa, na ishirini ya mwisho ameishi kwenye boti yake, jirani na yangu, humu mferejini. Ni mbishi na ana ulimi mkali, na hupenda kuniuliza mbele za watu kama madirisha yangu nayaosha kwa matope. Lakini kila tulipopita Kiwanda cha Bankfoot, alikofuma nguo akiwa msichana, alinyamaza kimya na kutazama ng'ambo ya pili mpaka tukipite.

Novemba iliyopita, asubuhi moja, akagonga paa la boti yangu.

"Bet, vaa viatu. Leo wanawasha mashine Bankfoot."

"Si uliapa hukanyagi huko?"

"Niliapa. Unakuja, au nikuache na uvivu wako?"

Siku hizi kiwanda ni makumbusho. Tulikwenda kwa miguu kando ya mfereji, na hapo ndipo aliponisimulia, bila kunitazama. Yeye na dada yake Annis walifuma wakiwa wametazamana. Kwa kelele za mashine sauti ilikuwa kazi bure, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo tu, na kila mmoja aliisoma ya mwenzake. Ukimkasirikia mtu, ulimpa kisogo, basi, hana la kukwambia tena.

Siku moja Annis alikuwa amevaa koti la Winnie bila kuomba. Mchana kutwa Winnie alimnunia. Karibu na saa ya kutoka, Annis alianza kumwambia jambo. Alijaribu mara tatu, na mara tatu akapewa kisogo. Jioni ukungu ulishuka. Winnie akaenda nyumbani peke yake. Annis, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alitumbukia mferejini akafa maji, koti lile lile mwilini.

"Miaka sitini, Bet. Sijui alitaka kusema nini. Nataka kujua tu, hata kama ni tusi."



Ndani, mwongozaji, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, akafungulia mvuke. Mikanda ikaanza kuzunguka, mashine zikalia, sakafu ikatetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Winnie alisimama mahali pake pa zamani, ameipa mgongo mashine ya Annis. Haikuwa na mtu. Kisha akageuka, polepole.

Midomo yake ikacheza. Akatulia, macho yamekaza kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akatikisa kichwa kukubali. Niliogopa, nasema kweli. Nilitamani kumshika mkono tutoke.

Mashine zilipozimwa, mwongozaji akaja anatabasamu. "Umefurahi, bibi?"

"Mikanda yenu imelegea," akamjibu, akampita.

Uani nikamvuta kando. "Winnie, umeona nini?"

"Kasema nimngoje langoni." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Haoni kwenye ukungu, maskini. Alichotaka ni hicho tu."

Nikasema twende tukale pai, baridi imezidi. Hakunisikia. Akasimama langoni, mikono mfukoni. Wageni wakatoka wote. Mwongozaji akafunga milango, akatuaga, akaenda zake. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka majini.

"Winnie, mwenzangu, hakuna mtu."

"Nyamaza wewe."

Tukakaa pale mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mara akasogea hatua moja kando, kama unavyompisha mtu, akatoa mkono mfukoni na kuukunja kiwiko ili mtu aushike.

"Haya, twende," akasema, na si kwangu.

Winnie huwa hatembei upande wa maji hata umlipe. Siku ile alitembea huko huko, ukingoni kabisa, na upande wa ukuta wa kiwanda akauacha wazi. Njia ile inatosha watu wawili tu. Mimi nikafuata nyuma yao.