Siku Nilipowakimbiza Wamarekani

Chekeni sasa hivi mumalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mie Salum, mbele ya wazee wa Muscat na vilemba vyao, niliwapa Waingereza ushindi katika vita ambavyo dunia nzima inajua walishindwa, na sikutumia hata bunduki, nilitumia ulimi wangu huu huu.

Ilikuwa mwaka wa sabini, Sultani mpya ameshaingia, na sisi wa Unguja tunarudi kwa mafungu (tukisema "tunarudi", ingawa mie Oman nilikuwa sijapata kuitia machoni), na kila aliyesoma Kiingereza anatafutwa kama dawa. Mimi, mama na dada zangu tulikuwa tumebanana chumba kimoja nyumbani kwa Ami Seif, mtaa wa Hamriya, na mama, aliyekuwa na jiko lake mwenyewe Malindi ya Unguja, sasa anapika kwa zamu na mke wa Ami na kuulizwa chumvi katia kiasi gani. Ndipo Ami akaenda kwa Sheikh Hamdan, mkuu wa ofisi moja iliyokuwa ikitaka mkalimani, akamwambia, "Mtoto wa ndugu yangu huyu, Kiingereza chake maji, Kiarabu chake maji." Kazi ile ilikuja pamoja na nyumba. Mama aliposikia habari ya nyumba hakulala.

Kiingereza changu kilikuwa maji kweli, namshukuru mwalimu wangu na fimbo yake. Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia na kuamkiana, basi. Lakini sisi tulikuwa na hila yetu (msijifanye hamuijui, nanyi mmeitumia sokoni Matrah): ukikosa neno la Kiarabu unachukua la Kiswahili unalikata mkia. Kitabu, kitab. Samaki, samak. Daftari, daftar. Na aghlabu mambo yanakwenda, muuzaji anakuelewa, unaondoka na samaki wako umevimba kichwa.

Siku ya kujaribiwa, Sheikh aliwakusanya wazee kwenye majlisi yake, baraza la wageni nyumbani kwake, akamwalika chakula cha mchana Mmarekani mmoja, mtu wa mashine za kuchimbia visima, mwekundu, mcheshi, sauti kama mwadhini. Alikuwapo pia Mngereza mshauri wa ofisi, mrefu, kimya, anakula wali kwa mkono vizuri kuliko mie. Hakuna aliyeniambia kuwa anajua Kiarabu kama aliyezaliwa Nizwa. Habari za visima zilikwenda salama, maana maji ni maji tu, na Ami alianza kunikonyeza kwa furaha. Ilipokuja halwa na kahawa, Sheikh akamtupia Mngereza jicho la utani, akaniambia, "Muulize mgeni wetu, hawa Waingereza, wao Wamarekani waliwezaje kuwatoa kwao?"

Jamani, yule mtu nadhani alikuwa akilingoja swali hilo tangu kuzaliwa. Aliivuta sinia ya tende, akazipanga mistari miwili juu ya kitambaa cha chakula, hawa Wamarekani, hawa Waingereza, akakusanya vikombe vya kahawa vikawa manowari. Hapo ndipo ningesema, "Sheikh, maneno ya vita mie sinayo, nisaidieni," na Ami yupo, angenisaidia. Nikaona haya. Nikajiambia, si mkia tu, nitakata.

Akaanza na kilima kimoja karibu na Boston, Bunker Hill. Waingereza walipanda wakarudishwa, wakapanda tena wakarudishwa, mwisho wakakitwaa kwa sababu wenzao waliishiwa na risasi, lakini Wamarekani walikuwa wameshaliharibu vibaya jeshi la mfalme. Waliharibu! Neno hilo hapo. Nikalikata kichwa, nikalipinda mkia, nikalitoa kwa sauti: "Al-Amrikan harabu!"

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Nikafurahi, nikaona kisa kimewaingia.

Akaja Saratoga, msituni huko, jemadari wa Kiingereza kazungukwa kila upande mpaka akasalimu amri na jeshi lake zima. Akasalimu. Nikatangaza, "Sallam aleihum!"

"Wa aleikum salaam!" ikaitika majlisi nzima, na mzee mmoja mzito wa masikio akajiinua nusu kutazama mlangoni nani kaingia. Mwengine akasema, "Mngereza ana adabu, yumo vitani na salamu anatoa." Mngereza wetu alikuwa kainamia kikombe chake, mabega yanamtikisika. Nikadhani kapaliwa, nikamwonea imani.

Sasa ikawa zamu ya bahari. Mmarekani alivigandisha vikombe viwili ubavu kwa ubavu, manowari mbili zimefungana kwa kamba, mizinga inalia, ya Wamarekani inawaka moto na kuzama, na nahodha wao alipoulizwa kama amesalimu amri alijibu kwamba kupigana bado hajaanza. (Hapo mgeni alisimama kabisa, halwa mkononi.) Na kweli akaiteka ile ya adui, wakahamia humo, yao ikaenda chini. Mie nikafupisha: "Al-Amrikan harabu!"

"Baharini?" Sheikh akauliza. "Ila wein?"

Ila wein, mpaka wapi. Nikaona anataka kujua uharibifu ulifika wapi, nikamjibu kwa fahari, "Ila taht!" yaani mpaka chini.

"La haula," wakasema wazee.

Ami akaniinamia sikioni. "Salum, nnakuuliza, huyu mgeni mbona anajitia aibu mwenyewe?"

"Unyenyekevu, Ami," nikamnong'oneza. "Watu wakubwa ndivyo walivyo."

Tukafika Yorktown. Manowari za Wafaransa, waliokuwa upande wa Wamarekani, zimeziba mlango wa ghuba, Mngereza nchi kavu hana pa kutokea, mizinga inampiga, akasalimu amri tena, na jemadari wake kwa uchungu akajitia mgonjwa akamtuma naibu apeleke upanga. "Sallam aleihum!" nikasema, na majlisi ikaitika tena, safari hii kwa uchovu. Jeshi la Kiingereza, wakati huo, lilikuwa limeshaliwa lote na yule mzee mzito wa masikio, zimebaki kokwa.

Sheikh akafuta vidole polepole. "Mwanangu, muulize. Kila vita nyinyi mnakimbia, na Mngereza anakutoleeni salamu. Nchi mliipataje?" Na aliposema mnakimbia, alitembeza vidole viwili juu ya zulia mbio mbio, nikaelewa.

Nikamfasiria mgeni, ningefanya nini tena. Uso wake wote ukazidi wekundu. "Nani kakimbia?"

Ndipo Mngereza akaweka kikombe chini, akasema kwa Kiarabu safi, cha milimani hasa, "Kijana hana kosa kubwa. Alitaka kusema kharrabu, waliharibu, akasema harabu, walikimbia. Na jemadari wetu hakumsalimu mtu, alijitoa mikononi mwao. Mniwie radhi kwa kunyamaza, ni mara ya kwanza nimesikia vita vile tukishinda."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmarekani alipoelezwa alicheka kuwashinda wote, akanipiga mgongoni nusura nitapike. Ami peke yake hakucheka. Na mie, katika kujiokoa, nikamfuata Sheikh, mkono mmoja kifuani na mwengine nimeunyoosha, nikamwomba kwa roho yangu yote: "Tafadhali, Sheikh! Tafadhali!" Kwetu hiyo ni kuomba. Kwao ni kumkaribisha mtu apite, na mkono wangu, Mungu alivyotaka, ulikuwa umeelekea mlangoni. Nilikuwa namtoa mtu nyumbani kwake.

Sheikh akautazama mlango, akanitazama mie. "Jifunze kwanza, mwanangu," akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniua. Kazi alipewa kijana mwengine, na mie nikaanza kwenda jioni kukaa na watoto wadogo kujifunza Kiarabu, magoti yangu yakiwafika masikioni.

Njiani nilimwambia Ami, "Unguja tumefukuzwa kwa Uarabu wetu, huku ninafukuzwa kwa Uswahili wangu. Tuwe nani?"

"Tembea," akasema. "Mama'ko anangoja."

Alikuwa anangoja kweli. Sufuria zake alikuwa ameshazifunga kwenye kanga, tayari kuhama. Alinisoma uso tu, akafungua fundo, akatoa sufuria moja baada ya moja akazirudisha kwenye shubaka. "Basi nikaoshe mchele," akasema, "leo zamu yangu."

Toka siku ile nimeapa, nisichokijua nitasema sikijui, awe mbele yangu sheikh au muuza ndimu. Haya ya kusema sijui ingepita kabla kahawa haijapoa. Katika vita vyote nilivyowasimulia wale wazee, aliyekimbia kweli alikuwa mie, na mama yangu akapika katika jiko la watu mwaka mzima.