Kijiti Kimoja cha Memori

Wateja wangu huniuliza kadi ya picha ya kompyuta kabla hata ya salamu. Wakisikia kwamba prosesa inachora picha yenyewe ndani kwa ndani, bila kadi, wananikunjia uso, kana kwamba nawauzia kiatu cha mguu mmoja. Mtu anataka kuandika barua na kutazama mpira, lakini kadi lazima aione kwa macho yake. Siku hizi sibishani nao. Dukani kwangu hapa Old Kampala, katika chumba kile kile alimouzia baba vitambaa, nawaambia prosesa hizi nazijua vizuri, kisha nageukia kazi nyingine, maana iliyonifundisha ni moja tu na sipendi kuikumbuka.

Niliikagua kwa ajili ya dada yangu mdogo. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Kawempe na binti yake wa miaka minne na begi moja, akimkimbia mume ambaye kila neno lake lilianza na mlango kubamizwa. Wazee wa ukoo walikaa kikao sebuleni kwetu, wakanywa chai yetu, wakatoa hukumu ya upole. Kama atapata riziki yake mwenyewe kabla ya Ramadhani, atakaa kwa mama. Asipopata, atarudi kwa mumewe, suluhu ifanywe, mtoto akue na baba. Hakuna aliyemuuliza yeye. Nami nilikuwepo, nikipitisha sahani ya kashata.

Riziki ilikuwapo, na ilikuwa karibu. Dada alisomea uchoraji wa ramani za nyumba chuoni, na ofisi moja ndogo ya wachoraji kule Lubaga ilikuwa tayari kumjaribu. Walitaka achore nyumba kwenye kompyuta, kisha ampitishe mteja ndani yake kwenye skrini, chumba kwa chumba, kama mtu anayetembea. Mteja akipendezwa, kazi ni yake. Dada aliuza bangili zake ili tununue mashine. Kadi ya picha ya kujitegemea hatukuiweza, basi nikatafuta prosesa yenye picha ndani.

Siku nne nilikaa nayo. Sikuikagua kama ninavyomkagulia mteja wa kawaida, kuwasha na kusema haya chukua. Nilifungua ramani zake za chuoni, nikaizungusha nyumba huku na huku, nikafungua madirisha, nikaweka kivuli cha jua, nikasikiliza feni, nikagusa bati la pembeni kuona joto. Nyumba ilizunguka vizuri, wallahi. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya nne nikajaribu jambo lingine. Prosesa ya namna hii haina memori yake ya picha. Inakula kwenye memori ya kompyuta nzima, wote sinia moja. Mashine ilikuwa na vijiti viwili vya memori, na nilitaka kujua itakuwaje kikibaki kimoja. Nikachomoa kimoja. Nyumba ya dada ikaanza kurukaruka, ukuta unakuja, mlango haujafika, mwisho programu ikajifunga yenyewe. Nikakirudisha, mambo yakatulia. Nikaandika kwenye daftari la dukani: vijiti viwili, bila hivyo haifai. Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana nimeshajitetea sana kichwani mwangu na sasa nimechoka.

Nyumbani kwetu kuna desturi ya tangu enzi za babu. Vitu vikiingia viwili, kimoja ni cha mtoto mkubwa wa kiume. Vitambaa viwili, kuku wawili, hata miwani mbili alizoletwa baba na mgeni. Haikuwa dhuluma, ndivyo tulivyolelewa, na kaka yetu mkubwa hajawahi kuomba kitu maishani mwake. Huwa anangoja tu atengewe.

Ijumaa ya wiki ile baada ya swala alikuja kula kama kawaida. Dada alikuwa Lubaga, amekwenda kuchukua vipimo vya nyumba ya mteja. Mimi nilikuwa nimeifungua mashine mezani, naipuliza vumbi. Kaka akainama, akatazama ndani.

"Hivi mbona viwili?"

"Vya memori. Inavihitaji vyote."

"Kompyuta ya duka langu inasinzia siku nzima," akasema, akaenda kunawa mikono.

Basi. Hakuongeza neno. Aliyeongeza ni mama, kutoka mlango wa jikoni, na upawa mkononi. "Si umpe kaka yako kimoja? Huyo mdogo kimoja kitamtosha, anachora tu."

Nikasema, "Mama, hii si kama vitambaa." Nilisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeomba kushindwa.

"Wewe ni fundi," akasema kaka, akijifuta mikono. "Fundi hashindwi na kijiti."

Nikakichomoa. Mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishika. Nikakifunga kwenye karatasi nikampa, akakitia mfuko wa kanzu, tukakaa tukala pilau. Mama akaniambia nisimsumbue dada kwa mambo ya vyuma, na mimi nikaona ni afadhali. Nilijiambia nitanunua kingine Jumatatu. Jumatatu nikazunguka mjini, cha namna ile hakikuwapo. Jumatano pia hakikuwapo. Baadaye nikapata kazi ya shule moja, kompyuta nyingi, nikajisahaulisha.

Dada alifanya kazi wiki mbili kwenye mashine ile. Alikuwa akinipigia dukani: imeganda tena. Nami namwambia zima, washa. Funga programu nyingine. Punguza kivuli. Alipunguza vivuli vyote, maskini, akaondoa na miti ya uani, akidhani yeye ndiye anayechora vibaya.

Siku ya mteja tuliibeba mashine pamoja hadi Lubaga. Saa nne asubuhi, ofisi safi, mteja ni mama wa makamo anayejengea uzee wake. Dada alikuwa amevaa buibui mpya na alizungumza vizuri, nilishangaa alivyozungumza vizuri. Akampitisha sebuleni polepole, ikakubali. Mteja akasema kwa heshima ya Kiganda, "Nionyeshe jikoni, nnyabo, hapo ndipo nitakapokaa." Dada akageuza. Skrini ikakwama kwenye mlango wa jikoni. Tukangoja. Ikawa nyeupe. Akaiwasha upya, mteja akanywa maji, tukafika mlango ule ule, ikakwama.

Mkuu wa ofisi akanitazama mimi, fundi. Na mimi nikasema, "Umeme wa hapa unashuka."

Taa zilikuwa zinawaka bila hata kufifia. Wote tuliziona. Mkuu akamwambia dada watampigia, na hawakumpigia.

Wiki moja kabla ya Ramadhani wazee walikaa tena. Kikao hakikufika hata nusu saa. Kaka ndiye aliyempeleka Kawempe kwa gari lake, yeye na binti na begi, na aliporudi alisema mume amewapokea vizuri sana. Mashine dada aliniachia.

Mwezi uliofuata nilikwenda dukani kwa kaka kuchukua ufunguo, nikakiona kijiti kwenye droo, bado kimo katika karatasi yangu, pamoja na kalamu mbovu na betri zilizokwisha. Nikamuuliza. "Aa, hakikuingia," akasema. "Hii yangu ni ya zamani, tundu lake ni tofauti. Chukua kama unakitaka." Nilikichukua. Nikakirudisha mahali pake, nikaifungua nyumba ya dada. Iliingia jikoni bila kusita. Alikuwa ameweka dirisha juu ya sinki, na benchi refu kando ya ukuta ili mwenye nyumba apate pa kukaa. Nilijichukia sana siku ile, na kaka nikamchukia zaidi, na mama sijui nimweke wapi.

Sikumwambia dada. Nilijidanganya kwamba nangoja wakati mzuri. Juzi nilimtembelea Kawempe, mume hakuwepo, akanikaribisha chai. Binti yake, ambaye sasa anasoma, alikuwa anachora nyumba kwenye daftari, mlango na madirisha mawili. Nikamsifu, nikasema amemrithi mama yake.

"Usimdanganye mtoto," dada akasema, bila hasira, akinimiminia chai. "Mimi nilipewa mashine nzuri, imekaguliwa siku nne na fundi wa tumbo moja, na bado kazi ilinishinda. Namwambia ajifunze kushona."

Nikamwomba aniongezee sukari.